Tangi la Zamu ya Mwisho

Shule niliiacha darasa la tatu, na sisemi hivyo ili mtu anihurumie. Nimejenga matangi ya maji kutoka Mitaboni mpaka Kivaa, na mengi bado yanashika maji. Ufundi niliuiba kwa macho nikimchanganyia saruji fundi mwingine, mpaka nikashika mwiko wangu mwenyewe. Kwa hivyo nikieleza jinsi kazi inavyopangwa, usinitafutie cheti.

Lakini njia hiyo sikuivumbua mimi. Ilitoka kwa mke wangu, na alianza kwa kuniaibisha mbele ya mwethya mzima.

Mwethya, kwa asiye wa kwetu, ni kikundi cha kusaidiana: leo tunachimba matuta kwako, siku nyingine kwangu. Wanawake wa kijiji chetu, juu kidogo ya soko la Mitaboni, walikuwa wameamua kila boma lipate tangi la kuvuna maji ya mabati. Simu ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia vijijini, na maji yalikuwa bado ya kuchota mtoni, ndani ya mchanga. Unachimba kwa bakuli, unangoja yajikusanye, unajaza mtungi, unapanda kilima nao mgongoni. Mke wangu alikuwa ameanza kusimama katikati ya kilima na kushika kiuno. Mimi nilimwona.

Fundi wa kikundi nilikuwa mimi. Nani mwingine?

Sasa, kila mama aliogopa jambo moja: kwamba wa kwanza wakishapata matangi yao wataanza kuugua kila siku ya kazi, na wa mwisho ataachwa na shimo. Ili asiachwe mtu, wakaanza kwa wote pamoja. Shimo likachimbwa kila boma, mawe yakabebwa kila boma. Mimi nikawa wa kuzunguka kama daktari wa ng'ombe. Asubuhi naweka msingi hapa, mchana naitwa kule, jioni mama mwingine ananisimamisha njiani: "Fundi, kwangu umenisahau." Naenda, naweka mistari miwili ya mawe ili aone kitu. Analala akifurahi. Tangi liko palepale.

Mvua ya Novemba ikatukuta na mashimo. Yakajaa matope na vyura. Boma moja mbuzi alitumbukia, akavutwa kwa kamba akilia kama mtu. Maji ya mabati yalitiririka mpaka barabarani, na jua liliporudi wanawake wakashuka mtoni na mitungi yao.

Baada ya Krismasi wakakutana uani kwetu. Mwenyekiti wao, mama mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili, akanigeukia.

"Fundi, tuambie ukweli. Tangi moja ni muda gani?"

"Wiki tatu," nikasema.

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Hakuinua kichwa. "Baba watoto, na lile ulilojenga shuleni je?"

"Lile lilikuwa tofauti."

"Tofauti gani? Wiki moja na siku kidogo, na mchana ulikuwa unalala. Si mimi ndiye nilikuwa naleta chakula?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. "Kumbe fundi ana siku za mfukoni!"

Niliwajibu kwa hasira. Kila fundi huficha siku. Saruji inaweza kuchelewa. Mtu anaweza kufa kijijini, na siku ya mazishi hakuna anayeshika mwiko. Ukitaja siku za kweli, kesho unaitwa mwongo. Basi unatupia juu. Na nitasema jambo ambalo siku ile sikulisema: ukishapewa siku nyingi, unazimaliza zote. Kazi ikiisha mapema unatafuta cha kupigapiga.

"Shida zipo, hatukatai," mke wangu akasema. "Lakini kila tangi lisibebe siku zake za akiba. Tuziweke zote pamoja, mwisho, kabla ya mvua. Mwenye shida achukue hapo, na sisi sote tuone zikipungua."

Halafu akaendelea, sufuria ikiwa bado mkononi. Tangi moja liishe ndipo fundi aende kwa lingine. Anapojenga hapa, kikundi kinakusanya mawe, mchanga na maji kule anakokwenda. Fundi asibebe maji, asitafute mbao, asisimamishwe njiani. "Sisi wote tunamngoja huyu mtu mmoja, na bado tunamtuma kama punda."

"Punda?" nikauliza.

"Punda mzuri," mwenyekiti akanituliza.

Lakini nani awe wa kwanza? Hapo kila mtu akaangalia kikombe chake. Kulikuwa na mjane mmoja wa kule karibu na barabara, mwenye ulimi mkali, ambaye wote walimdhania kwamba ndiye atakayetoroka mapema. Yeye ndiye aliyesema: "Si useme tu, mama. Wa kwanza ni wewe. Fundi unalala naye."

"Mimi ni wa mwisho," mke wangu akasema. "Wa kwanza ni wewe."

Walipoondoka nilimgombeza. Nilimwambia amegawa maji yetu, na kwamba siku zile za mwisho zikiliwa zote, atakayekosa ni yeye na kiuno chake. Alikusanya vikombe. "Jenga," akaniambia.

Nikajenga. Mimi ni mzee sasa, na nikikumbuka kazi, nakumbuka mwaka ule. Nilikuwa nikifika kwenye boma nakuta mawe yamepangwa, mchanga umechekechwa, karai la kwanza limechanganywa. Mikono yangu haikusimama. Nyuma yangu, kwenye tangi lililokwisha, mwenye boma analowesha magunia yaliyofunika ukuta ili usikauke upesi ukapasuka. Mbele yangu, sauti za wanawake wakiimba kutoka mtoni, mchanga kichwani. Uimbaji ule siku hizi siusikii. Lori linamwaga mchanga, linaondoka.

Binti yangu anafanya kazi kwenye ofisi moja huko Mavoko, kazi yake ni hiyohiyo ya kupanga miradi. Aliniambia kazi zote zimeanzishwa, kila moja ina rangi yake kwenye kompyuta, na hakuna inayoisha. Nikamuuliza, "Mnamngoja nani?" Akafikiri. "Mtu mmoja wa michoro, baba. Kila mtu anamwita." Nikamwambia wamwache afanye moja amalize. Akasema hata vitabu vyao vinasema hivyo. Vizuri. Mama yake hakuvisoma.

Basi tukaenda boma kwa boma, na siku za mwisho zikaanza kuliwa. Lori la saruji lilikwama. Mzee mmoja akafa, tukazika. Malaria ikanilaza mimi mwenyewe. Kila mara mwenyekiti alitangaza zimebaki ngapi, na kila mara nilimtazama mke wangu. Na yule mjane, tangi lake likiwa limesimama pale barabarani limepakwa chokaa, akaanza kukosa. Mara jino, mara mgeni kutoka Masinga.

"Si nilikwambia?" nikasema.

"Zamu yetu haijafika," akajibu, akachukua mtungi, akashuka mtoni.

Ilipofika, mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima. Mawe ya mwanzo yalikuwa yametumika kwa wengine, na asubuhi ile hapakuwa na jipya hata moja uani kwetu. Nilikaa na mwiko wangu. Mke wangu alifagia ua, akamaliza, akaanza kuufagia tena.

Tukasikia wimbo chini ya kilima. Walitokea kwa mstari, mwenyekiti mbele, wengine wana mawe, wengine makarai ya mchanga. Nilihesabu vichwa. Mjane hakuwepo. Tulikuwa tumeshaanza msingi alipoingia na punda wawili wamejaa mitungi ya maji, akiwatukana kwa Kikamba.

"Punda wa kuazima hawana adabu!" Kisha akatutazama. "Mbona mnaniangalia hivyo? Mlifikiri nimetoroka?"

Wengine wakajifanya wana kazi. Mke wangu akaenda akashika kamba ya punda mmoja.

"Mimi nilifikiri," akasema. "Nilifikiri mtatoroka nyote. Kila siku nilipokuwa mtoni niliogopa."

"Na bado ukanipa zamu ya kwanza?"

"Sasa ningefanyaje, mwenzangu? Ungekuwa wa mwisho, ungeogopa wewe."

Mjane alipiga paja akacheka, akaanza kushusha mitungi. Mimi nilibaki nimesimama na jiwe mkononi. Miezi yote ile nilidhani ni kichwa ngumu tu, hana wasiwasi. Hakuwahi kuniambia.

"Fundi!" mwenyekiti akaita. "Huyo punda wetu mzuri amelala?"

Siku za akiba hazikuisha. Zilibaki chache, magunia yakaloweshwa, ukuta ukakomaa. Mvua ilipopiga mabati, maji ya kwanza, yale ya vumbi, mke wangu aliyaacha yamwagike chini. Halafu akageuza gata, ule mfereji wa bati ukingoni mwa paa, likaelekea ndani ya tangi. Akaleta kigoda chake karibu, akakaa kusikiliza. Nilimwekea chai ubavuni. Hakuigusa mpaka ikapoa.