Stirio ya Mzee Habakuki

Tangu astaafu kiwanda cha mkonge pale Ngombezi, Mzee Habakuki hatulii, utadhani kuku anayetafuta pa kutagia. Anaifungua stirio yake ya zamani, anakaza waya, anaifunga, kisha anaifungua tena.

Binti yake Filomena akamletea redio mpya ya kutia mfukoni. "Baba, hilo dude litupe sasa."

Mzee akaibandika ile redio sikioni, akairudisha mezani. Miaka thelathini ya kelele za mashine ilikuwa imemla masikio, wala hakumwambia mtu. Akaweka santuri, akapandisha sauti hadi vikombe vikatetemeka kabatini, akaegemea spika.

"Baba, punguza," Filomena alipaza sauti.

Mzee hakugeuka. Alikuwa ametulia, amefumba macho, anausikiliza muziki kwa mbavu.