Kaptura ya Kaka

Baada ya mazishi ya kaka yangu tulifungua sanduku lake la bati. Ndani tukakuta kaptura yake ya shule, ya khaki, bado inanukia pasi ya mkaa.

Utotoni alivunjika mguu akiswaga ng'ombe wa kulimia. Plasta ilipotolewa, paja la kushoto lilikuwa limenywea, la kulia limejaa kama zamani. Shuleni walimwita Kijiti. Mama akaipindua kaptura nje ndani ili aubane kwa sindano mguu wa kushoto, wenzake wasione paja linavyopwaya. Kwa kuwa aliipindua, kushoto kukawa kulia, akabana wa kulia bila kujua.

"Simama wima, mura, kijana wangu, nikuone," alimwambia. Jikoni moshi ulikuwa mwingi.

Paja nene lilibanwa mpaka mshono ukakaza. Jembamba lilizidi kupwaya.

"Imenikaa, mama. Sasa hawanicheki tena."

Aliivaa mpaka ikapauka. Jioni nilimpaka samli pale mshono ulipomchubua.

Sasa mama ameilaza magotini, anaipapasa.

"Hii ilimkaa vizuri, au sivyo?"

"Ilimkaa, mama."

Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mshono, mguu wa kulia.