Baba wa Uvimbe

Mama yangu alinyanyuka kwenye kiti mbele ya daktari, akajifunga khanga upya, akaniambia, "Twende zetu." Kisa chote kilikuwa neno moja: vinasaba.

Njombe nzima tunajua vinasaba ni nini. Ni kile kipimo ambacho mwanaume akimshuku mkewe, anambeba mtoto mpaka maabara, na wakirudi kuna ndoa imevunjika. Sasa huyu daktari, binti mdogo kuliko mimi, alikuwa amesema bila kupepesa macho kwamba kabla ya kumchagulia mama dawa ya saratani ya mapafu, lazima kwanza wapime vinasaba.

"Nimekuja na kifua changu," mama alisema kwa sauti ya kukwaruza, "wewe unaniuliza mtoto ni wa nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto mwenyewe si ni mimi, wa pekee, na pua hii niliyonayo haifanani na ya baba hata kidogo.

Mama alikuwa amepika miaka mingi Makambako, kwenye kibanda kilicho karibu na maegesho ya malori. Malori ya makaa ya mawe yakitoka Ludewa na Songea yalikuwa yakiruka matuta pale, na mabonge yakidondoka kina mama waliyaokota. Yanawaka kutwa nzima na hayana bei. Baridi yetu ya Julai mnaijua. Basi mlango ulirudishwa, dirisha likazibwa kwa nailoni, maharage yakachemka, na ule moshi wenye harufu ya kiberiti ukabaki ndani na mama.

Sigara hajawahi kuigusa. Alipoanza kukohoa alitibiwa kifua kikuu, wapi. Huku Mjimwema tunakoishi, majirani wakanong'ona kwamba huyu mama anavuta kwa kujificha. Niliwachukia, nasema kweli.

Na kilichoniuma zaidi ni kigelegele chake. Usharika wetu wote unakijua. Watoto hawajapata kipaimara sawasawa mpaka mama awapigie. Jumapili moja kilikatika katikati, akaketi, akakoholea kwenye khanga huku watu wakimgeukia. Siku ile niliogopa kwamba namzika mama yangu.

Kwa hiyo pale kwa daktari nilimshika mkono. Akiondoka, dawa hapati. Binti naye alikuwa amegundua kosa lake.

"Mama, hatumpimi mtoto. Tunapima uvimbe."

"Uvimbe nao una baba?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Unaye, mama. Ndiye tunayemtafuta." Akaeleza taratibu kwamba kila chembe ya mwili ina maelekezo yake ndani. Kitu kibaya kikiingia mapafuni miaka na miaka, kinaweza kuyavuruga, chembe ikaanza kuzaana ovyo. Mtu hakuzaliwa nayo hayo wala hamrithishi mwanawe. Na wakijua yamevurugika vipi, huenda vipo vidonge vinavyolenga palepale.

Mama akaketi. "Basi mtafuteni," alisema. "Na mimi namtaka."

Kinyama kidogo kutoka kwenye uvimbe kikapelekwa Dar es Salaam. Nyumbani, shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa amekishika kibanda tangu mama augue, hakungoja maelezo. Aliwapigia simu ndugu kuanzia Kifanya mpaka Mlangali: kaka yake anavuliwa nguo uzeeni! Baba alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wapime tu. Huyu mtoto ana ubishi wangu, inanitosha." Nilimpenda baba siku hiyo kupita siku zote.

Majibu yalipotoka, daktari alisema mabadiliko waliyoyakuta huonekana sana kwa wasiovuta sigara, hasa waliokaa na moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba. Hakuapa, lakini mama alikwisha kumtambua mtu wake. Na vidonge vilikuwepo. Uvimbe haujaisha, tusidanganyane, ila ulisinyaa, na mama aliyekuwa akishika ukuta kufika mlangoni akaanza kunigombeza kutoka jikoni. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Kisha akasema, "Nipeleke Makambako."

Tulimkuta shangazi ameinamia jiko, macho mekundu, nailoni ileile dirishani. Madereva walikuwa wanakula.

"Kamwene, wifi," mama alisalimu.

"Kamwene. Majibu yametoka?" Shangazi aliuliza kwa sauti, kusudi wote wasikie.

"Yametoka. Baba amepatikana."

Vijiko vilisimama. Nilimwona shangazi akinitazama pua. Mama alinyoosha kidole kwenye jiko. "Huyo hapo. Nimeishi naye humu, na wewe sasa unampikia maharage."

Akawaeleza, madereva nao wakisikiliza, vizuri kuliko daktari. Shangazi akasema tu, "Na baridi hii, wifi, nipike nje?"

"Shika huko," mama alisema, akakunja pindo la khanga na kushika mkono mmoja wa jiko. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Wakalitoa, yeye na shangazi, mpaka nje kwenye upepo, wakalitua. Mama alivuta pumzi. Nikasubiri kikohozi.

Akapiga kigelegele. Kirefu, kile cha usharikani, kikavuka barabara mpaka ng'ambo, watu wakatoka madukani kuuliza nani anaoa. Hakikukatika. Nililia mbele za watu na sikujali.

Shangazi alicheka, akajaza kifua amwitikie. Chake kikakatika katikati, akainama akikohoa.

Mama hakucheka. Alimshika wifi yake mkono, akamwambia, "Kesho tunakwenda kwa yule binti. Nakupeleka mwenyewe."