Bunduki Namba Mbili

Mume wangu alibeba bunduki kwa mikono yake mwenyewe, akaipeleka polisi. Wakaipokea bunduki, wakampokea na yeye.

Usicheke. Mimi nilicheka siku ya kwanza, nikidhani jioni atarudi.

Naitwa Victorine, nasuka nywele hapa Bertrams, Johannesburg. Mume wangu Ruphin ni mtu wa bustani. Kwa miaka mingi amekuwa akimfanyia kazi mjane mmoja wa kizungu, sisi tulimwita Madame. Madame alimpenda Ruphin kuliko mwanawe wa kumzaa, na huyo mwanawe alilijua hilo.

Siku Madame anahamishiwa nyumba ya wazee, alimwita Ruphin chumbani wakiwa wawili tu. Akamwonyesha kasha la ngozi, bapa na zito.

"Lilikuwa la mume wangu. Sasa ni lako."

Wiki hiyohiyo kiharusi kikamnyang'anya Madame sauti.

Ruphin alilifungua kasha nyumbani. Ndani kuna bunduki ya zamani ya mitutu miwili, imefunguliwa vipande, mitutu huku na kitako kule, imelazwa kwenye kitambaa chekundu. Pembeni yake kuna nafasi nyingine ya umbo lilelile. Tupu.

Mimi na umbea wangu nikatoa simu, nikapiga picha kila upande nimtumie kaka yangu Bukavu.

"Vic, acha mapicha," Ruphin akasema. "Hii kitu hailale mu nyumba yangu. Niko naipeleka kwa polisi sasa hivi. Uniwekee bugali, niko nakuya."

Bugali ukapoa mezani.

Polisi walikuwa na swali moja tu: kasha lina nafasi mbili, bunduki ya pili iko wapi? Siku ileile wakapekua chumba chetu mpaka ndani ya gunia la unga. Wakapekua na banda la bustani kwa Madame, Ruphin anapoweka majembe. Hawakupata kitu.

Wakampigia mtoto wa Madame. Naye akajibu bila aibu: "Nyumba ya mama yangu haijawahi kuwa na bunduki. Huyo ameiba mahali."

Basi, dhamana ikakataliwa. Kwao kulikuwa na bunduki inazurura mitaani na mume wangu ndiye aliyeificha.

Nilikwenda kumbembeleza huyo mtoto. Akaniketisha sebuleni kwake, ukuta mzima vichwa vya swala na vitu vya uwindaji. Nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Yeye alikuwa anaangalia saa.

Aliyenihurumia ni wakili wa bure aliyepewa Ruphin kumtetea, dada mmoja mwenye macho ya usingizi na roho nzuri. Akaniambia, "Mama, sheria inalegeza kidogo kwa bunduki za kale. Tafuta mtu akwambie hii ilitengenezwa lini."

Mimi na bunduki wapi na wapi? Lakini ukizama hata jani utalishika.

Nikaelekezwa mtaa wa Mayfair, hapahapa mjini, kwa Mzee Naseeb, Mswahili wa Mombasa aliyetengeneza bunduki za watu maisha yake yote. Nikampa simu. Akazikuza picha, akavaa miwani juu ya miwani.

"Tazama hapa chini ya mitutu, mwanangu. Waziona fimbo mbili zimepishana, na taji juu yake? Huo ni muhuri wa Birmingham, Uingereza. Bunduki hujaribiwa kwa baruti nyingi, isipopasuka hugongwa muhuri."

"Na hayo maandishi?"

"Yasema mtutu huu si wa risasi nzima, ni wa marisau tu, vile vipunje vya kupigia ndege. Maneno haya yaligongwa miaka michache, sabini na tano mpaka themanini na saba."

"Elfu moja mia tisa?"

"Mia nane! Hata bibi yako hajazaliwa."

Nilipiga kigelegele mle ndani mpaka jirani yake akachungulia.

"Ngoja kwanza," mzee akasema. "Risasi zaingia wapi?"

"Nyuma. Si inakunjika katikati?"

Akaiweka simu mezani taratibu. "Basi haitufai. Sheria ya hapa ikisema ya kale, yataka gobori, la kushindiliwa baruti mdomoni. Hii hata ingekuwa ya enzi za Nuhu, bado ni bunduki tu. Umri wake naweza kukupa, mwanangu. Mumeo siwezi."

Nimezunguka mji mzima kutafuta ukweli, na ukweli wenyewe haunisaidii!

Nikawa najifunga kitenge niondoke, mzee akaishika tena simu.

"Na hii namba mbili ya dhahabu, hapa juu ya mtutu, waijua? Matajiri wa Kiingereza wakiagiza pacha. Bwana apiga na moja, mtumishi amjazia nyingine. Hii ni ya pili. Ya kwanza ina namba moja ya dhahabu, mahali hapahapa."

Nikaketi tena. Sebuleni kwa mtoto wa Madame, katikati ya vile vichwa vya swala, ilining'inia bunduki ya mitutu miwili. Nililia chini yake! Kumbe ndiyo maana alimkana Ruphin. Angekubali ya pili, angeulizwa kibali cha ya kwanza.

Nikamkimbilia wakili, wakili akamwambia mpelelezi. Mpelelezi, Mungu amsamehe, akapiga simu kwanza kuomba miadi.

Alipofika, ukutani kulikuwa na kalenda.

"Eish, mama," akaniambia, "nifanyeje? Kalenda si kosa."

Usiku nikifumba macho naiona kalenda ile. Najua bunduki ilikuwa wapi, najua nani kaiondoa, na sina mtu wa kumwambia akanisadiki.

Kisha likaja pigo lenyewe. Mtoto wa Madame aliwapigia polisi: alipokuwa anasafisha banda la mama yake, ameikuta bunduki nyuma ya majembe ya Ruphin. Ina namba moja ya dhahabu.

Mahakamani mwendesha mashtaka alikuwa anatabasamu. Ruphin amekonda, shati linamning'inia. Akanigeukia akiwa kizimbani.

"Vic, haki ya Mungu, siiyue hii bunduki."

Niliona nimeshampoteza.

Yule dada wakili akasimama, akamuuliza mpelelezi.

"Banda hilo mlilipekua lini?"

"Siku aliyokamatwa."

"Mlikuta nini?"

"Majembe."

"Na tangu siku hiyo mshtakiwa amekuwa wapi?"

Mpelelezi akamtazama Ruphin, akatazama viatu vyake. "Kwetu. Selo."

Mashtaka yote yaliondolewa, hata la kukutwa na silaha, maana aliyekutwa nayo ndiye aliyeileta. Mtoto wa Madame, nijuavyo mimi, hakuulizwa chochote. Bunduki zote mbili tumeambiwa zitayeyushwa.

Madame bado hasemi. Ruphin alipomtembelea, Madame aliinua vidole viwili huku anatabasamu, anaiulizia ile namba mbili. Ruphin alivishika vile vidole.

Ndugu zangu mnaosoma, ukipewa kitu, hata kwa upendo wa kweli, kipokee mbele za watu. Aliyekupa anaweza kunyamaza kesho bila kupenda.

Jana jirani amemletea Ruphin mfuko wa machungwa. Amekataa kuupokea mpaka nilipotoka bafuni, taulo kichwani, kuja kushuhudia.