Alasiri ya Gitaa Moja

Jina la Mama Pasi alipewa na wateja, likamganda hata watoto wake mwenyewe wakawa wanamwita hivyo wakitaka kumtania. Alianza kupiga pasi katika duka la dobi akiwa msichana, na hadi leo mkono wake wa kulia ni mnene kidogo kuliko wa kushoto. Shati likipita mikononi mwake, kola husimama yenyewe bila kubembelezwa. Lakini kazi hiyo hakuifanya kimya. Aliimba tangu asubuhi hadi duka linafungwa, na nyimbo zote zilikuwa za mtu mmoja, mwimbaji mwenye sauti ya kukwaruza kama mlango wa mbao, ambaye watu walimwita Mkwaruzo.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha nafaka. Ngurumo za kinu zilimla masikio kidogokidogo, kama mchwa alavyo nguzo, na alipostaafu alikuwa hasikii ila anayepaza sauti. Nyumba yao ikawa haina siri. Chumvi ikiisha, majirani walijua. Mzee akisahau kufunga bomba, mtaa mzima ulisikia akikumbushwa. Muziki ndio ulimshinda kabisa. Ngoma, gitaa na tarumbeta zote zilimwingia kama kelele moja isiyo na kichwa wala miguu. Hata hivyo hakuwa na kinyongo na Mkwaruzo. Akiona midomo ya mkewe ikichezacheza asubuhi, alisema, "Naona mume mwenzangu kaamka mapema," kisha akaendelea na chai yake.

Sasa, siku moja mama mwenye duka la vitabu alileta mapazia mazito kwa dobi. Alitaka yanyooshwe vizuri kwa sababu yangetundikwa katika chumba cha nyuma ya duka lake. Mkwaruzo, alisema, angekuja Jumapili alasiri kuimba peke yake na gitaa moja, bila bendi wala vipaza sauti, mbele ya watu wachache. Mama Pasi alisikiliza huku pasi imelala juu ya pazia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, nusura aunguze kitambaa cha mtu. Mama wa vitabu alicheka, akamwambia kwamba anayejali hivyo hastahili kukaa nyuma. Akamwekea viti viwili vya mbele.

Binti yao, muuguzi, ndiye aliyekuwa aende naye, lakini hospitali ikambadilishia zamu. Mama Pasi aliona afadhali kiti kimoja kibaki wazi kuliko kumtesa mzee. Mzee mwenyewe alikwisha kuoga na kuvaa shati.

"Sitasikia kitu," alisema, "ila nitakaa. Nimekula naye sahani moja miaka yote hii, acha nimwone uso."

Chumba kilikuwa kidogo, rafu za vitabu zimesukumwa ukutani, viti vimepangwa nusu duara. Mapazia yalianguka wima bila kunjo hata moja. Mama Pasi aliyatazama hayo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha Mkwaruzo akaingia. Alikuwa mfupi kuliko alivyodhani, amevaa miwani, na mkono mmoja wa shati lake ulikuwa na mistari miwili ya pasi mahali panapotakiwa mmoja. Vidole vilimwasha Mama Pasi. Nusu ya nafsi yake ilitaka kumsujudia, nusu ilitaka kumvua shati hilo ikalinyooshe upya.

Mkwaruzo alikaa karibu kiasi kwamba ungeweza kumsikia akivuta pumzi, akaanza kupiga. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole. Mama Pasi alifumba macho. Alipoyafumbua kumwangalia mzee, akifikiri amesinzia, alimkuta ameinama mbele, sikio la kulia limeelekezwa kwenye gitaa, kinywa wazi. Na kiatu chake kilikuwa kinagonga sakafu. Hakikuwa kinabahatisha; kilikuwa kinafuata nyuzi.

Alitaka kumuuliza, lakini kumuuliza kulitaka kelele. Akabaki anakitazama kile kiatu.

Baada ya nyimbo kadhaa ukaja ule aliokuwa akiusubiri, aliouimba tangu akiwa mchumba, jioni alizosimama mlangoni kumngoja kijana wake wa kinu arudi amejaa unga hadi kope. Kwenye redio, tarumbeta hulia pale pale kiitikio kinapoanza. Leo tarumbeta haikuwapo, na Mkwaruzo aliimba kwa utulivu, kila neno peke yake:

*Usiningoje mlangoni, njia yangu ni ndefu.*

Mama Pasi alihisi kama amekosea nyumba. Maisha yake yote aliimba "uningoje". Silabi moja tu, *si*, tarumbeta ilikuwa imeimeza, na yeye akajenga ujana wake juu ya pengo hilo. Alikuwa bado anajiuliza acheke au alie, mzee alipomgeukia. Kiziwi hajui kunong'ona. Alisema kwa sauti iliyojaa chumba:

"Mama, huyu bwana amekosea. Wimbo wako ni 'uningoje'."

Watu waligeuka. Gitaa likanyamaza. Mama Pasi alitamani sakafu ipasuke immeze. Mkwaruzo aliinua miwani, akauliza kwa upole ni nani huyo anayeimba hivyo. Mzee alimwonyesha mkewe, tena kwa fahari kama mtu anayeonyesha shamba lake.

"Mke wangu. Aliniimbia sikioni kabla kinu hakijaniharibu. Hilo ndilo neno lenyewe."

Chumba kilicheka, ila si kwa dharau. Mkwaruzo naye alicheka, kisha akasimulia kwamba aliutunga wimbo ule akiwa kijana mwenye kiburi, akimuaga msichana mmoja. Alimwambia asimngoje, akitumaini kwa siri kwamba atamngoja. "Alinitii," alisema. "Alinitii upesi mno." Akamtazama Mama Pasi. "Na wewe, mama, ulimngoja?"

"Kila siku," alijibu. "Chakula kilipoa, mimi nipo mlangoni."

Mkwaruzo alipapasa nyuzi kwa vidole. Halafu akasema kwamba neno la mama limefanya kazi kubwa kuliko lake, akaomba ruhusa aliimbe. Akaimba kiitikio kile kwa "uningoje", mara mbili, na mara ya pili watu wakamfuata taratibu. Mama Pasi, anayeimba tangu asubuhi hadi jioni, alishindwa kutoa sauti. Mzee ndiye aliyeimba, nje ya tuni kabisa, mkono wake umeshika wa mkewe.

Walirudi nyumbani kwa miguu jua likiwa bado lipo. Njiani mzee alieleza kwamba si kwamba amepona. Ila pale hapakuwa na vurugu, na sauti ilimjia moja moja, kama watu wenye adabu wanaopokezana mlangoni. Alisema hakujua kwamba masikio yake yalikuwa yamebakiza kitu. Alidhani kila kitu kimesagwa.

Binti yao alikuwa amemsihi miaka mingi akapimwe, naye siku zote akijibu kwamba uzee haupimwi. Juma lile alikwenda mwenyewe. Daktari alimwambia sikio la kushoto limekwenda moja kwa moja, lakini la kulia linaweza kusaidiwa, akamvalisha kifaa kidogo cha rangi ya ngozi. Siku za mwanzo alilalamika sana: vijiko vilimpigia kelele, na kandambili za jirani zilimkosesha usingizi wa mchana. Alitishia kukitupa kifaa chenyewe chooni.

Jioni moja Mama Pasi aliingia jikoni, akasema peke yake, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba miguu inamuuma. Kutoka sebuleni mzee akajibu, "Kaa, mama. Nakuchemshia maji."