Pikapu ya Daktari wa Mifugo

Mama mmoja, daktari wa mifugo, alikuwa ameisubiri pikapu yake mpya miezi saba: ile ya petroli na umeme, iliyoundwa upya kwa barabara mbovu. Kila asubuhi alipima uwanja wake kwa hatua aone kama pikapu itaenea, kana kwamba ungesinyaa usiku, kisha akapanda gari lake kuukuu na kulibembeleza, "Vumilia, bibi." Simu ilipolia, mkono wake ulikuwa ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa tangu alfajiri. Mwenye ng'ombe akamshikia simu sikioni.

"Daktari, gari lako limefika!" muuzaji akasema.

Daktari akapiga kigelegele. Ng'ombe akashtuka, akasukuma, na ndama akamtelezea mikononi.

"Nakuja, kaka," alisema akicheka, huku akimfuta ndama pua. "Ngoja kwanza huyu asimame."