Kliniki ya Kawangware iliyompima kila mtu thelathini na tisa na nusu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mzee, nasoma nyuzi zenu kila siku na sisemi kitu. Leo nimekasirika, nimeamua kuandika. Shule nilifika darasa la tatu, kwa hivyo mkiona neno limekaa vibaya mlivumilie. Lakini uongo hamtapata hapa. Hata ile sehemu inayoniaibisha mimi mwenyewe nitaiweka.

Nianze mbali kidogo.

Nilipokuwa kijana, kabla sijaijua Nairobi, nilikuwa nakama ng'ombe kwa shamba la mzungu mmoja huko Rift Valley. Ng'ombe za maziwa, zile nyeusi na nyeupe. Kila ng'ombe alikuwa na jina lake. Mimi nilikuwa naitwa "wewe".

Asubuhi tukimaliza kukama, kazi yangu ilikuwa kupima joto ya wale waliokataa kula. Sasa themomita ya ng'ombe haiingii kwapani, wakuu. Mnajua inaingia wapi. Imefungwa uzi, na mwisho wa uzi kuna kibanio cha nguo unakibana kwa nywele za mkia, maana ng'ombe akiamua kuimeza kwa huko nyuma utaitafuta mpaka jioni.

Siku moja nikapima ng'ombe mgonjwa wa kupe. Mia na sita. Siku hizo namba zilikuwa kubwa kubwa, hizi ndogo za thelathini na kitu zilikuja baadaye. Nikaifuta vizuri na majani, nikaenda kwa mwenzake. Mia na sita. Wa tatu, mia na sita. Nikapima ng'ombe kumi na mmoja, wote mia na sita!

Nikakimbia kumwita bwana, nikamwambia shamba limekwisha. Akaja na viatu vya nyumbani, chai bado mkononi. Akakuta ng'ombe wamesimama wanacheua, macho maangavu, pua zimelowa.

Alinitukana kwa lugha tatu. Halafu akanionyesha. Ndani ya kile kioo kuna uzi wa fedha. Ukipanda haushuki wenyewe, unabaki pale ulipofika. Lazima uitikise kwa nguvu, mkono kama unachapa mjeledi, ndio ushuke. Usipoitikisa, unasoma ugonjwa wa yule aliyepimwa kabla.

Akamaliza kwa kusema, "Ng'ombe anacheua mbele yako, wewe unaangalia kioo!"

Basi nilikaa huko miaka sita na sikusahau kutikisa tena. Tuje Nairobi sasa.

Ilikuwa miaka ya tisini, muda kidogo kabla ya ile mvua ya El Niño. Tulikuwa tunaishi Makina, Kibera, chumba kimoja kwa Mama Halima. Huyo alikuwa Mnubi, babu yake aliletwa na jeshi la Mwingereza, na alikuwa landlady asiye na makelele. Mimi nilibeba mawe kwa mjengo. Mke wangu, Mama Apiyo, aliuza omena, wale dagaa wa ziwa, pale stendi ya Kawangware 56. Kila asubuhi alitoka Kibera na karai kichwani mpaka Kawangware kwa miguu, na jioni akarudi hivyo hivyo. Hiyo miguu yake ndiyo iliyolisha watoto wetu wanne, maana mjengo leo uko, kesho hauko.

Alikuwa anakaribia hamsini ndipo hii kitu ikaanza.

Ameketi tu, anapepeta omena, mara moto unamshika kifuani, unapanda shingoni mpaka usoni. Anafungua kitambaa cha kichwa, anajipepea na kipande cha katoni, jasho linamwagika kama mtu amemwagiwa maji. Dakika chache, kwisha. Sasa anatetemeka baridi, anatafuta sweta. Kanisani, sokoni, mahali popote.

"Baba Apiyo, naungua."

Namshika paji la uso. Limelowa, lakini halichomi. Baridi kama mtungi.

"Hauna joto, mama."

"Nimekwambia naungua!"

"Unaungua wapi na mimi nimekushika?"

Tukawa tunagombana hivyo kila siku. Mimi na mkono wangu, yeye na mwili wake.

Hapa nitoke nje ya hadithi kidogo. Sisi tuna maneno ya ajabu. Mama anakuja mbio, "mtoto ana temperature!" Sasa nani hana temperature? Hata jiwe la mjengo lina temperature yake. Maiti anayo. Tena mtu wa malaria anachoma ukimgusa, lakini mwenyewe analia baridi, anaomba blanketi ya tatu. Na mke wangu alikuwa kinyume chake, ndani moto, nje baridi. Kusikia joto na kuwa na joto ni vitu viwili, na mtu wa pande zote mbili anasema kweli. Hiyo akili ninayo leo. Wakati huo sikuwa nayo.

Haya. Wanawake wa soko wakampeleka kwa kliniki moja hapo 56, katikati ya salon na duka la misumari. Chumba kimoja, pazia katikati, benchi nje. Ndani kulikuwa na jamaa wa koti jeupe, kila mtu alimwita Dakitari. Alisomea wapi, hakuna aliyewahi kuuliza.

Akampima. Thelathini na tisa na nusu. Malaria. Sindano ya matako.

Mama Apiyo akarudi nyumbani anafurahi, mnaamini? Akaniambia, "Unaona? Nilikuwa nimekwambia naungua."

Mnaoijua ile dawa ya zamani ya malaria mnajua ilivyokuwa inawasha. Alijikuna na gunzi la mahindi mpaka ngozi ikatoka damu. Wiki ikaisha, moto ukarudi. Akarudi kwa Dakitari. Thelathini na tisa na nusu. Sindano. Wiki ingine, thelathini na tisa na nusu. Sindano.

Miezi miwili hivyo! Upande ule ule, tako la mguu wa kulia.

Mguu ukaanza kufa ganzi. Alikuwa anatembea Kibera mpaka Kawangware bila kupumzika, sasa akawa anasimama mara tatu njiani, anashusha karai, anaupiga mguu na ngumi kuuamsha. Alikuwa ananiambia hivi: "Huu mguu ukikataa, tunakula nini?"

Siku moja mjengo ukasimama, simiti ilikuwa imeisha. Nikambebea karai mpaka 56, nikaenda naye kliniki.

Tukaketi kwa benchi. Watu sita mbele yetu. Pazia halikufika chini wala pembeni, kwa hivyo niliona kila kitu. Dakitari anachota themomita kwa glasi ya spiriti, anaipangusa na pamba, anaitia kwapani kwa mtu. Anangoja. Anasoma. "Thelathini na tisa na nusu." Anairudisha kwa glasi.

Mtu wa pili. Anaichota, anapangusa, kwapani.

Nikangoja ule mkono. Ule wa mjeledi. Haukuja.

Wa tatu, thelathini na tisa na nusu. Wa nne alikuwa kijana wa hardware amekuja na kidole kimepondwa na nyundo, jamani, kidole! Thelathini na tisa na nusu. Malaria.

Nywele zikanisimama.

Ilipofika zamu yetu nikaingia na mke wangu. Nikasema, "Dakitari, hiyo kitu hujaitikisa."

"Mzee, ngoja nje."

"Itikise kwanza."

Akatabasamu kama mtu anaongea na mlevi. "Unajua kusoma hii?"

"Nimeisoma miaka sita."

"Hospitali gani?"

Na mimi, mdomo wangu huu, nikasema ukweli. "Kwa ng'ombe."

Benchi lote likaangua kicheko. Mama mmoja wa mboga akapiga paja, "Haki ya Mungu, leo tumeletewa daktari wa ng'ombe! Mzee, utanipima kwa mkia?" Dakitari naye akasema, "Mzee wangu, hapa tunatibu watu."

Nikakasirika. Nikaichukua kwa glasi, kabla hajanishika nikaitikisa mara tano, sita. Akapiga kelele nitaivunja. Nikaitia kwapani kwa Mama Apiyo, nikasimama hapo nikihesabu polepole. Nikaitoa. Ule uzi wa fedha ulikuwa chini kidogo ya kale kamshale kekundu kanakoonyesha thelathini na saba.

Hakuna homa. Hakuna malaria. Miezi miwili wamemdunga bure.

Sasa hapa ndipo aibu yangu iko.

Badala ya kumwangalia mke wangu, niliinua kioo juu watu wa benchi waone. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mnaona? Hana joto yoyote! Hana kitu huyu!"

Na wakati nasema hivyo, yeye alikuwa ameshikwa. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni mpaka kwa kola ya nguo. Aliniangalia.

"Kwa hivyo mimi ni mwongo?"

"Sijasema hivyo, mama. Kioo ndio—"

"Dakitari ananiamini. Wewe unaamini kioo."

Dakitari akaona nafasi yake. Akaambia watu, "Ameharibu mashine. Ilikuwa inasoma vizuri tangu mwaka jana, sasa haisomi."

Na watu wakamwamini! Yule mama wa mboga, ambaye sasa hivi alikuwa anacheka, akasimama na hasira. "Mzee, umetuharibia themomita! Sasa sisi tutapimwa na nini?" Kijana wa kidole akanishika bega, akasema, "Buda, toka tu polepole, usisumbue daktari."

Wakuu, hiyo bado inanichoma leo. Watu walikuwa wanadungwa kama pini kwa kitambaa cha fundi, na wakamtetea mwenye sindano. Kwa sababu gani? Mtu akijisikia mgonjwa na aambiwe hana homa, anaona ametukanwa. Dakitari alikuwa hatukani mtu. Kila mtu alipewa homa yake.

Nikatoka nje. Ningemshika mke wangu mkono, ningesema pole, tungeenda nyumbani. Nikasimama hapo nje na hasira zangu kama mjinga, mikono mfukoni. Na yeye akaingia nyuma ya pazia akadungwa.

Akatoka ameshika ukuta. Hatua ya tatu, kidole cha mguu kikakwaruza chini, hakikuinuka. Akaanguka mbele ya salon. Tulimrudisha Kibera kwa mkokoteni.

Mama Halima alikuja akaketi kwa kitanda. Hakuuliza juu ya homa. Alimuuliza, "Binti yangu, mwezi wako unakuja?"

"Haujakuja tangu Krismasi."

"Basi hiyo ni malaria gani? Huo ni mwili unafunga duka. Mimi huo moto ulinichoma miaka mitatu, nilikuwa naketi mlangoni miguu ndani ya beseni la maji." Halafu akanigeukia. "Na wewe Baba Apiyo, ulikuwa unatafuta nini kwa mkono? Hukuona mtu analowa?"

Asubuhi nikampeleka hospitali ya serikali.

Huko wakasema vile vile. Moto ni wa umri, utapita wenyewe, na ni moto wa kweli hata kama themomita haiuoni. Lakini sindano ilikuwa imegusa mshipa wa mguu. Wakampa mazoezi na fimbo. Moto uliisha baada ya miaka miwili. Mguu haukurudi. Kawangware hakuwahi kutembea tena na karai, alihamisha omena akauzia hapo mlangoni Makina, kwa wateja wachache.

Funzo langu ni hili, na mniambie kama nimekosea. Themomita haijui wewe unasikia nini, inajua tu namba, na namba yenyewe ni ya mtu aliyetangulia kama hakuna aliyeitikisa. Ukipimwa, omba uonyeshwe uzi umeshuka kabla themomita haijaingizwa kwapani, usione haya. Na wewe mume, mkeo akisema anaungua, anaungua. Tafuta sababu, usitafute ushindi.

Madaktari wa kweli mlio humu, tueni hapa mnifundishe. Wamama mliopitia huo moto, semeni mliambiwaje. Na wewe uliyekuwa kwa hilo benchi, kama bado uko hai, andika pia. Nitakujibu kwa heshima, lakini nitakujibu.

Nimalizie kuhusu Dakitari, maana mtauliza.

Baada ya wiki tatu nilirudi 56 na Mama Apiyo mwenyewe, na fimbo yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, benchi limejaa. Alisimama mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dakitari, itikise niione. Mbele ya hawa watu."

Dakitari akaangalia mguu. Akaangalia fimbo. Akaichukua themomita kwa glasi, akaishika hivi, kidole na gumba, na nikaona wazi kwamba hajui mkono unakwenda upande gani.

Akairudisha. Akavua koti, akalitundika kwa msumari.

"Hii ni ya zamani," akasema. "Ngojeni hapo, naenda duka kuchukua mpya."

Akapita katikati yetu, akavuka barabara, akaingia njia ya sokoni. Hakukimbia hata. Watu wa benchi wakasogea ili apite, halafu wakaketi tena wamngoje.

Hakurudi.